Jibu la Swali la Saba, Nyuma ya Karatasi

Mtafiti, nimetia alama visanduku vyote vitatu:
Ndiyo, Hapana, Sijui.
Usiitupe fomu yangu bado. Pindua.
Naandika kwa penseli,
kalamu imebaki wodini mfukoni mwa mtu.

Ndiyo.
Orodha ilibandikwa ubaoni tukiwa mwaka wa pili,
kati ya tangazo la chumba cha kupanga Kondele
na kitanda cha futi tatu na nusu kinachouzwa.
Sisi mia na kumi na wawili, walezi kumi na wanne.
Mideva: Dkt. Abuor, upasuaji wa watoto.
Lwande akanicheka, "Umepewa baba!"
Nami sikujua ulezi wa orodha
huliwa kwa kijiko au kwa mkono.
Kwetu Chavakali mlezi ni yule anayekulipia karo,
na ukizembea unamsikia angali getini.

Hapana.
Nilimwandikia. Nilianza na Shikamoo, nikaifuta,
Kisumu hapa nani hushikamoo?
Mara nne nilifuta,
kila nikiusoma unasikika kama ombi la mkopo.
Nikautuma hivyo hivyo.
Alama mbili za buluu.
Kisha kimya.

Mwaka wa tatu famakolojia iliniangusha kwa alama mbili.
Wiki nzima nililala mchana, pazia limefungwa,
joto la ziwa limenikalia kifuani kama mgeni asiyeaga.
Hakuna aliyeuliza Mideva yuko wapi.
Fomu ya ulezi, hata hivyo, ilijazwa:
sahihi mbili kila muhula,
mkutano ambao haukuwako ukapewa tarehe na saa.
Cherop husema mlezi wa kupangiwa ni mchumba wa kupangiwa,
bahati yako ndiyo mshenga.
Lwande hasemi kitu siku hizi. Alihamia ualimu.

Sijui.
Wodi ya watoto, saa tisa usiku,
mtoto wa selimundu, mama yake kanikazia macho,
mshipa umenikataa mara tatu.
Mkono ukaanza kunitetemeka.
Abuor akatokea na makroksi yake ya kijani,
akachuchumaa, akawasha taa ya simu.
Hakuninyang'anya sindano.
"Upande wa kidole gumba. Hutauona. Upapase."
Nikaupapasa. Damu ikarudi mrijani.
Akauliza jina langu, nikalitaja,
akakunja uso kama mtu anayetafuta funguo.
"Nina Mideva mmoja kwenye orodha fulani."
"Ndiye mimi, daktari."
Akayatazama makroksi.
"Mimi mwenyewe sikupewa mtu. Sijui jambo hili huanzia wapi."
Thieta ikampigia simu, akaenda.

Dakika kumi na moja katika miaka mitatu.
Ziandike wapi, mtafiti?
Hukuchora kisanduku cha mwanga wa simu.

Ungenikuta mwezi jana ningekomea hapa,
nikupe lawama yangu safi, imepigwa pasi.
Lakini mwaka huu sisi wa tano
tumepangiwa wa mwaka wa kwanza.
Wangu ni Osundwa, mtoto wa Matungu.
Aliniandikia: Habari dada, samahani kwa usumbufu.
Jana, saa sita usiku, akaandika tena:
Chumba cha maiti kimenishinda. Hata omena
nikiitia mdomoni inanuka formalini.

Nilizisoma zote mbili.
Alama mbili za buluu.
Nilikuwa na zamu. Nilikuwa na mtihani.
Nilikuwa na...

Aa.

Basi nimemwambia aje kantini, hii ya nyuma ya maabara,
ndipo ninapokujazia fomu yako.
La kumwambia sina.
Nitamwuliza kama amekula,
na omena sitaagiza.

Swali la nane, kuhusu maoni yangu kwa jumla, nimeliruka.
Kuna kijana amesimama mlangoni,
koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani,
anatupitia uso kwa uso,
hajui ni yupi kati yetu.